Tukinunua Miaka, Siku ya Kuuza Tutauza Nini?

Somo la robo mwaka kwa kamati za sharika na marafiki wa miradi yetu



Somo la robo hii limetokana na barua. Wazee wawili, mume na mke, wa usharika rafiki nchini Ujerumani walituandikia kwa upendo mkubwa. Walisema miaka mingi iliyopita walinunua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba ya likizo kwenye Visiwa vya Kanari, Hispania. Sasa miguu imechoka na hawasafiri tena. Mkataba wao una miaka 18 iliyobaki, nao walitaka kuutoa zawadi kwa mradi wetu wa maji huku Ruvu. Tungeweza kuupangisha, au kuuuza na kununua mabomba.

Barua iliposomwa katika kamati palikuwa na furaha. Mzee mmoja wa kanisa alisema, "Ndugu zangu, wiki 18 za hoteli ya Ulaya ni mamilioni!" Tulikaribia kujibu ndiyo siku hiyo hiyo. Mhazini akaomba kwanza tupige hesabu. Tunamshukuru Mungu kwa wahazini.

Hesabu hiyo ndiyo somo letu, kwa sababu tulipoimaliza tuligundua kwamba swali la wazee wale linawahusu pia washarika wetu wa Kibaha na Kisarawe wanaonunua viwanja kwa mikataba.

1. Zawadi tuliyoikataa kwa shukrani

Mkataba wa aina hii Wazungu wanauita taimusheya. Sisi tuuite mkataba wa zamu: watu wengi wanachangia nyumba moja, kila mmoja ana wiki yake kwa mwaka. Biashara hii ilianza Ulaya miaka ya 1960, katika milima ya Alpu, ikaenea Marekani na pwani za Hispania. Mnunuzi hulipa fedha nyingi mara moja, kisha hulipa ada ya matunzo kila mwaka, akaenda au asiende.

Hapo kwenye ada ndipo mhazini alipoweka kalamu. Tuseme, kwa fedha zetu, ada ya mwaka ni shilingi 2,400,000. Tuseme chumba kama hicho, wiki hiyo hiyo, mgeni yeyote anaweza kukikodi kwa shilingi 2,600,000 bila mkataba wowote. Basi mwenye mkataba anapata faida ya shilingi 200,000 tu kwa mwaka. Mara miaka 18, ni shilingi 3,600,000, tena kama kila mwaka atapatikana mpangaji. Mwaka mmoja tukikosa mpangaji, ada ya 2,400,000 bado tunadaiwa, na tumekula faida ya miaka 12.

Na kama ada ikipanda hadi kufikia bei ya kukodi, thamani ya mkataba ni sifuri, hata kama miaka iliyobaki ni 18 au 80. Ikipita hapo, mkataba ni deni. Ndiyo maana huko Ulaya na Marekani watu wengi wanaouza tena mikataba hii hupata sehemu ndogo sana ya walicholipa, na wengine huwa tayari kuitoa bure ili tu ada ihamie kwa mwingine. Wazee wetu hawakuwa na hila. Waliamini wanatupa mali, kwa kuwa siku ya kununua waliambiwa ni mali.

Tuliwaandikia barua ya shukrani, tukaeleza hesabu yetu. Walijibu kwa upole, wakatuma badala yake mchango wa fedha taslimu kwa ajili ya bomba. Urafiki haukuvunjika.

2. Kwa nini bei inashuka

Tumetafakari sababu, nasi tumeziona nne. Wanakamati wazishike, maana tutazikuta tena karibu na nyumbani.

(a) Bei ya kwanza ilibeba gharama za matangazo, kamisheni za wauzaji na vyakula vya ukumbini. Vitu hivyo vimekwisha siku ya kusaini. Mnunuzi wa pili hawezi kuvilipia.

(b) Ada zinaendelea, na anayezipandisha si mwenye mkataba.

(c) Kampuni yenyewe bado inauza mikataba mipya kwa watu wale wale ambao wewe unatafuta kuwauzia wa zamani. Yeye ana ofisi, magari na mabango, wewe una karatasi.

(d) Unachouza si nyumba. Ni nafasi yako katika makubaliano na mtu mwingine, na mara nyingi huyo mtu ni lazima akubali jina libadilishwe.

Serikali za wenzetu zimeona maumivu haya. Hispania, kwa sheria ya mwaka 1998, iliweka kikomo cha miaka 50 kwa mikataba hii, na mwezi Januari 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kuwa mkataba usio na mwisho uliosainiwa baada ya sheria ile ni batili. Mkataba usio na mwisho ulionekana ni baraka, kumbe watoto walikuwa wanarithi ada. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wa mwaka 2008, unampa mnunuzi siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu. Tena unakataza anayejitolea kukuuzia mkataba wako kudai malipo kabla mauzo hayajafanyika. Marekani nayo, kupitia Tume ya Biashara ya Shirikisho, imeonya mara nyingi kuhusu matapeli wanaompigia simu mwenye mkataba, "tumekupatia mnunuzi, tuma kwanza ada."

3. Neno la Mungu lilitangulia

Tusome Mambo ya Walawi sura ya 25. Wengi tunaikumbuka kwa mwaka wa Yubile, mwaka wa 50, ambapo kila mtu alirudi katika milki yake. Lakini tuangalie mstari wa 14 hadi wa 16. Hapo Mungu anawafundisha watu wake namna ya kupanga bei. Ikiwa miaka hadi Yubile ni mingi, bei iwe kubwa, ikiwa ni michache, bei ipungue. Sababu inatolewa wazi: kinachouzwa ni hesabu ya mavuno, wala si ardhi. Na mstari wa 14 na wa 17 unasema mtu asimdhulumu ndugu yake.

Je, tumeona? Dhuluma katika mauzo si lazima iwe kuiba. Kumuuzia ndugu yako miaka, ukimwacha aamini anauziwa ardhi, ni dhuluma pia.

Mstari wa 23 unatoa msingi: ardhi ni ya Bwana, sisi ni wageni na wapitaji. Mstari wa 29 na wa 30 unampa aliyeuza nyumba ya mjini mwaka mzima wa kuikomboa. Sheria ya Ulaya inampa mnunuzi siku 14, Musa alimpa muuzaji mwaka. Pande zote mbili kuna hekima moja: mtu aliyesaini kwa haraka au kwa shida apewe mlango wa kurudi.

4. Kosa letu wenyewe huku Ruvu

Sasa turudi nyumbani. Wote tunajua jinsi bonde hili linavyobadilika. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ikiwa na vituo Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Kule Kwala imejengwa bandari kavu. Kutoka Mlandizi hadi ndani ya Kisarawe, mabango ya viwanja ni mengi kuliko mabango ya shule. Wauzaji wanaahidi jambo moja: lipa kidogo kidogo, baada ya miaka mitatu utauza mara mbili.

Tunapaswa kuungama. Miaka michache iliyopita tulimruhusu muuzaji mmoja wa viwanja azungumze na washarika baada ya ibada, katika usharika mmoja kando ya barabara ya Morogoro. Hatukuomba kuona mkataba wake. Kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa kikavutiwa, na baadhi yao wakasaini. Kiwanja shilingi 4,800,000, kwa miezi 24, shilingi 200,000 kila mwezi.

Mama mmoja alilipa miezi 15 bila kukosa. Jumla shilingi milioni tatu, zilizotoka kwenye vitumbua na kuku wa mayai. Mwezi wa 16 mtoto wake akahitaji upasuaji. Akaamua kuuza kiwanja. Alikuja ofisini na bahasha yake, akaweka risiti zote mezani, akasema, "Mratibu, nimelipa milioni tatu. Nionyesheni kiwanja changu ni kipi."

Tulisoma mkataba pamoja naye. Haukuwa na namba ya kiwanja wala ya kitalu. Ulisema atapewa kiwanja "ndani ya mradi" akimaliza kulipa. Ulisema hawezi kumhamishia mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya muuzaji. Ulisema akijitoa atakatwa asilimia 30, na zinazobaki zitarudishwa kwa awamu. Hati ilikuwa moja, ya shamba zima, kwa jina lisilo la kwake.

"Mama," tulimwambia, "hapa hujanunua kiwanja bado. Umenunua ahadi."

Alijaribu kuiuza ahadi hiyo. Kila aliyemwendea alimwuliza, kwa nini ninunue kwako wakati muuzaji mwenyewe anauza vipya, bila malipo ya kuanzia? Mwishowe jirani alimpa shilingi 1,800,000. Mtoto alitibiwa, tunamshukuru Mungu. Lakini mama alipoteza shilingi 1,200,000, ndani ya kipindi ambacho kila mtu alisema ardhi ya Ruvu inapanda. Ni kweli ilipanda. Ilimpandia mwenye hati.

Tazameni zile sababu nne tulizozitaja. Bei ya kwanza ilikuwa na kamisheni ndani yake. Malipo yalikuwa yanaendelea. Kampuni ilikuwa inashindana naye kuuza. Na jina halikuweza kubadilishwa bila ruhusa. Bonde la Ruvu lina mikataba ya zamu bila hata kuwa na hoteli.

5. Miaka ya sheria zetu

Tusiogopeshane. Hapa Tanzania kila hati ni ya muda, na bado hati nzuri hutunza thamani. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Ardhi yote ni mali ya umma, Rais ni mdhamini wake, nasi tunamiliki haki ya kuitumia. Hati hutolewa kwa muda, kama miaka 33, 66 au 99, na 99 ndiyo kikomo. Mwanakijiji anaweza kupewa hatimiliki ya kimila isiyo na kikomo cha miaka. Kwa hiyo tofauti kati ya karatasi inayotunza thamani na isiyotunza haiko kwenye muda peke yake. Iko kwenye mambo haya matatu.

Kwanza, usajili. Hati iliyosajiliwa inaweza kuhamishwa: kuna uthamini, kuna kibali cha Kamishna wa Ardhi, kuna kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu, kisha Msajili wa Hati anaandika jina jipya. Ni safari ndefu, lakini ina mwisho. Saini na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kuwa mmeuziana, haviwezi kuhamisha hati. Na kijijini, mwenye haki ya kimila hawezi kumhamishia mtu bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Anayenunua shamba kwa makubaliano ya chini ya mwembe, bila kikao cha kijiji, ananunua kesi.

Pili, masharti. Hati ina kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka na masharti ya uendelezaji. Hiyo kodi ni ndogo ukilinganisha na ada ya hoteli, lakini ikilimbikizwa kwa miaka, pamoja na adhabu, mnunuzi atakukata bei yote. Kukiuka masharti kunaweza kufanya hati ifutwe.

Tatu, familia. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo, na mnunuzi makini ataomba saini ya mke au mume.

6. Fundisho la Kisarawe

Wilaya ya Kisarawe ina mfano mkubwa zaidi, ambao uliandikwa sana. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata haki ya kutumia zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 kwa miaka 99, ili kulima mibono ya kutengeneza mafuta ya mitambo. Kwa sheria yetu, ardhi ya kijiji haiwezi kupewa mwekezaji wa nje moja kwa moja. Kwanza huhaulishwa, yaani hutolewa kwenye ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla. Fidia ikalipwa. Mwaka 2011 kazi zilisimama, wafanyakazi wakaachishwa, na mradi ukauzwa kwa wawekezaji wengine.

Tuulize swali la somo letu: nani alikuwa na kitu cha kuuza tena? Mwenye mkataba wa miaka 99 alikuwa nacho, kwa sababu miaka iliyobaki ilikuwa yake hata bila mibono kustawi. Wanakijiji hawakuwa nacho. Walipokubali uhaulishaji walikuwa wametoa miaka yao yote kwa mara moja, na mradi kufa hakukuwarudishia ardhi. Kwa lugha ya Walawi, walipokea bei ya mavuno machache, wakatoa mavuno ya miaka 99, wala Yubile haikuandikwa katika mkataba.

Kwa hiyo kijiji au usharika unaotoa ardhi kwa mwekezaji uombe kwanza upangishaji wa muda mfupi, kodi ya kila mwaka inayopitiwa upya, na kifungu kinachosema ardhi itarudi kwa nani kazi zikisimama.

7. Hesabu ya usharika

Tunapendekeza kila kamati ya mipango na fedha ipitie maswali haya kabla ya kusaini mkataba wowote wa muda, iwe ni kiwanja cha awamu, fremu za maduka, au zawadi.

(a) Imebaki miaka mingapi? Usharika ukilipa shilingi 6,000,000 kupanga fremu kwa miaka 10, baada ya miaka minne hauna tena milioni sita. Una miaka sita, yaani kama shilingi 3,600,000. Iandikwe hivyo kwenye taarifa ya mali za usharika.

(b) Kila mwaka tutalipa nini, na nani ana mamlaka ya kukipandisha?

(c) Jina linaweza kubadilishwa bila kumwomba muuzaji? Kama ni lazima kumwomba, anatoza kiasi gani?

(d) Muuzaji bado anauza vipya? Kama ndiyo, nani atanunua cha kwetu?

(e) Tumefanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kuona jina la mmiliki na kama kuna rehani? Gharama ya upekuzi ni ndogo kuliko sadaka ya Jumapili moja.

(f) Hati itaandikwa kwa jina la nani? Mali ya kanisa iandikwe kwa Bodi ya Wadhamini, si kwa mchungaji, mhazini au mfadhili mwema.

Nabii Yeremia, sura ya 32, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha wakati mji umezingirwa na jeshi. Kwa macho ya kibinadamu lilikuwa shamba lisilo na soko. Lakini tazameni alivyofanya: alipima fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, moja imetiwa muhuri na moja ya wazi, akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Imani yake haikumzuia kutunza karatasi. Usharika wako unatunza zake wapi?

8. Neno kwa marafiki na wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa mioyo mikunjufu. Tunawaomba jambo moja: mnapotaka kutupa mali yenye ada au masharti, tutumieni kwanza mkataba wenyewe tuusome pamoja. Tukisema hapana, si kwa kukosa shukrani. Fedha kidogo isiyo na kamba hujenga kisima. Mali kubwa yenye ada hula kisima kilichokwisha kujengwa.

Kwa upande wetu, tumeamua kwamba hakuna muuzaji atakayesimama tena mbele ya washarika kupitia ofisi yetu bila mkataba wake kusomwa na mwanasheria. Yule mama sasa ni mjumbe wa kamati ya uwekezaji ya usharika wake. Mkataba ukiletwa, ndiye wa kwanza kuuliza namba ya kiwanja.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Orodhesheni mikataba yote ya muda ya usharika wenu. Kila mmoja una miaka mingapi iliyobaki, na leo ungeuzwa kwa bei gani?

2. Ni mshirika gani kati yetu ameshika ahadi akidhani ameshika ardhi? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?

3. Someni Walawi 25:14-17. Usharika unapopangisha fremu zake, unawatendeaje wapangaji ambao miaka yao inakaribia kwisha?

Tuombe: Ee Bwana, mwenye ardhi yote, utufundishe kuhesabu siku na miaka kwa haki, tusimdhulumu ndugu wala tusidhulumiwe. Amina.